Sarafu ya sadaka: Benki Kuu itoe kwanza, ndipo ituombe sisi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie hoja ya msomaji mwenzangu aliyependekeza katika ukurasa huu kwamba Benki Kuu ya Tanzania iige mfano wa Australia na kutoa sarafu maalumu ya kuhimiza wananchi kutoa misaada. Hoja hiyo naiunga mkono kwa nusu. Ninaikubali sarafu yenyewe, ambayo kwa maoni yangu ingetufaa sisi kuliko inavyowafaa Waaustralia walioibuni. Ninachokikataa ni imani kwamba serikali ikishachora maneno mazuri juu ya madini imemaliza wajibu wake, na kwamba kuanzia hapo mzigo wote ni wa mwananchi na moyo wake.

Kwa faida ya wale ambao hawakuisoma barua ile, sarafu inayozungumziwa inaitwa Donation Dollar. Ilizinduliwa mwanzoni mwa Septemba 2020, siku chache kabla ya tarehe 5, siku aliyofariki Mama Teresa, ambayo Umoja wa Mataifa umeitenga kuwa Siku ya Kimataifa ya Hisani. Ilifuliwa na kiwanda cha sarafu cha serikali ya Australia kilichoko Canberra, kikishirikiana na wakala wa matangazo Saatchi & Saatchi wa Melbourne. Ni dola moja halali kama dola nyingine yoyote ya nchi hiyo: kipenyo chake ni kile kile cha milimita 25, uzito wake gramu 9, na madini yake ni mchanganyiko ule ule wa shaba kwa sehemu kubwa, pamoja na alumini na nikeli kidogo. Upande mmoja una sura ya Malkia Elizabeth wa Pili, ambaye wakati huo alikuwa bado hai. Upande wa pili, mahali ambapo wananchi wa kule wamezoea kuona kangaruu watano, pana duara la kijani lililokatwa na mistari ya dhahabu inayotawanyika kama viwimbi vya maji yaliyotupiwa jiwe, pamoja na maneno yanayomwomba aliyeishika aitoe ili kuwasaidia wengine. Kijani na dhahabu ndizo rangi rasmi za taifa lile tangu 1984, kwa hiyo mashabiki wa Yanga wasidhani wameibiwa.

Rangi ile ya kijani imekusudiwa ichakae. Kadiri sarafu inavyopita mikononi mwa watu ndivyo kijani kinavyofutika na dhahabu inavyozidi kuonekana, ili atakayeikuta imepauka ajue kwamba imekwisha kusafiri sana. Si sarafu ya kwanza ya mzunguko kupakwa rangi, kwani Kanada ilitangulia mwaka 2004 kwa kuweka ua jekundu la kumbukumbu ya wanajeshi kwenye senti 25, na Australia yenyewe ilifanya hivyo mwaka 2012 kwenye dola mbili. Jipya hapa ni kwamba sarafu haikumbushi jambo lililopita bali inamwomba mtu afanye kitu.

Waliobuni jambo hili walikuwa na hesabu nyepesi. Australia ilikuwa na watu wapatao milioni 25, basi wakaazimia kufua sarafu milioni 25, moja kwa kila mwananchi, wakianza na milioni 3 mwaka huo wa 2020. Kila mtu akitoa sarafu moja kwa mwezi, walisema, misaada ya nyongeza ingefika dola milioni 300 kwa mwaka. Kwenye karatasi hesabu ya namna hii haina kosa. Hata sisi, kwa idadi ya watu zaidi ya milioni 61 waliohesabiwa katika sensa ya 2022, tukisema kila Mtanzania atoe shilingi mia kwa mwezi tutakuwa na bilioni sita na ushee kila mwisho wa mwezi. Anayesumbua ni huyo kila mtu, ambaye binafsi sijawahi kumwona akihudhuria mchango wowote.

Kuna jambo ambalo barua ya mwenzangu iliacha likiwa na utata, nami nalitaja kwa sababu maoni yangu yote yanasimama juu yake. Sarafu hii, kwa yenyewe, haipeleki hata senti moja kwa mhitaji. Marekani wana utaratibu mwingine: bunge lao hupitisha sheria ya kufua sarafu za kumbukumbu ambazo huuzwa kwa bei iliyozidi thamani yake, na kiasi fulani cha bei hiyo hupelekwa kwa taasisi iliyotajwa katika sheria yenyewe. Mwaka 2018, kwa mfano, walitoa sarafu ya dhahabu yenye rangi ya waridi kwa ajili ya mapambano dhidi ya saratani ya matiti, na kila aliyenunua ile ya dola tano alikuwa anachangia dola 35 kwa mfuko wa utafiti wa ugonjwa huo, apende asipende. Lakini sarafu zile hununuliwa na wakusanyaji na kufungiwa kwenye kabati. Hakuna anayekwenda nazo dukani. Donation Dollar imefuata njia iliyo kinyume. Inatoka benki kwa thamani ya dola moja, inaingia kwenye droo ya duka, na inamfikia mwananchi ndani ya chenji yake. Akiamua kuiongeza kwenye nauli, sheria haina neno naye. Hakuna aliyemgongea mlango, wala hakuna aliyemwita jina mbele ya kadamnasi.

Uhuru huo ndio ninaoupenda. Nilikuwa keshia wa benki hapa Tanga kwa miaka mingi, na asubuhi za Jumatatu ndipo sarafu zilipokuwa zikitufikia kwa wingi, katika mifuko ya kitambaa na ndoo za plastiki, zikiletwa na watunza hazina wa makanisa. Zile za misikitini zilikuja baada ya Ijumaa. Kazi ya kuzihesabu ilikuwa ya kuchosha, na wenzangu waliikwepa kila walipoweza, lakini mimi niliiheshimu kwa sababu moja. Fedha nyingine zote zilizopita kaunta yetu zilikuwa na jina la mtu: hundi ina jina, hati ya kuweka fedha ina jina, uhamisho una jina. Sarafu za sadaka hazikuwa na jina la yeyote. Yule aliyetoa hamsini na yule aliyetoa mia mbili walikuwa wamechanganyika humo ndani, na hakuna katibu wala mwenyekiti ambaye angeweza kuwatenganisha.

Sasa tazama namna tunavyochangishana leo. Harusi ina kamati, kamati ina kadi za michango, na kadi zikishasambazwa hufunguliwa kundi la WhatsApp ambako kila jioni hubandikwa orodha yenye jina, ahadi, kilicholipwa na kilichobaki. Msiba nao umeanza kufuata mkondo huo. Mchango wa simu, hata ukiwa wa kumsaidia mgonjwa usiyemfahamu, humwonyesha mpokeaji jina lako kamili kama lilivyosajiliwa. Sisemi kwamba uwazi ni mbaya. Fedha za watu lazima zihesabiwe na kutolewa taarifa. Lakini dini zetu zote mbili kubwa zinafundisha kwamba sadaka ya siri ina daraja yake, na mfumo wetu wa kuchangishana umekwisha kuifanya sadaka ya siri iwe jambo gumu kulitekeleza. Mwenye shilingi elfu moja tu anaona aibu kuituma kwa simu kwa sababu jina lake litasomwa karibu na mwenye laki. Sarafu ingemrudishia nafasi yake.

Nakiri kwamba hapa kwetu sarafu ina fedheha ambayo huenda huko Australia haipo kwa kiwango hiki. Kuna makanisa ambako mhubiri husema, nusu utani nusu kweli, kwamba leo hataki kusikia mlio wa sarafu kapuni. Dukani ukidai chenji ya shilingi hamsini unapewa pipi, na kondakta wa daladala ana sababu zake za kuamini kwamba mia mbili iliyobaki ni yake. Ndiyo maana sarafu iliyopewa kazi maalumu na nembo ya taifa ingeweza kufanya jambo ambalo sarafu ya kawaida haliwezi, nalo ni kumwondolea mtoaji aibu ya udogo wa anachotoa, kwa kuwa nchi yenyewe ndiyo iliyosema kwamba kiasi hicho kinafaa. Na si jambo geni kwetu kutumia sarafu kufikisha ujumbe. Shilingi ya mwaka 1966 ilibeba mkono ulioshika Mwenge wa Uhuru, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 shilingi tano yetu ilitolewa chini ya mpango wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, wa kutumia sarafu za nchi mbalimbali kuhimiza uzalishaji wa chakula. Wakubwa wenzangu wataikumbuka.

Baada ya kuisifu, niseme pia mahali ilipojikwaa huko ilikozaliwa. Majira yalikuwa mabaya kupita kiasi. Haja ya misaada ilikuwa kubwa kweli, maana Australia ilikuwa imetoka tu katika moto wa nyika wa kiangazi cha 2019 na 2020, ulioteketeza misitu na nyumba kwa maelfu, na mara ikaingia katika janga la korona. Lakini korona hiyo hiyo ndiyo iliyowafanya wenye maduka kukataa fedha za mkononi. Siku sarafu ilipotangazwa, mji wa Melbourne, alikotoka wakala aliyeibuni, ulikuwa katikati ya amri kali ya kutotoka nje. Sarafu inayotegemea kupita mkono hadi mkono ilizinduliwa wakati ambapo watu walikuwa wanaambiwa wasishikane mikono.

Korona ilipopita, tatizo halikupita nayo. Benki Kuu ya Australia hufanya uchunguzi wa namna wananchi wanavyolipia mahitaji yao, na takwimu zake zinaeleza vizuri kuliko mimi: mwaka 2007 malipo 69 kati ya kila 100 yalifanywa kwa fedha taslimu, mwaka 2019 yalikuwa 27, na mwaka 2022 yalikuwa 13 tu. Hali imefika mahali ambapo mwaka 2024 serikali yao ilitangaza nia ya kuwalazimisha wafanyabiashara wa bidhaa muhimu kuendelea kupokea noti na sarafu. Kwa hiyo kazi ya hisani ilikabidhiwa chombo ambacho kilikuwa tayari kinaelekea kustaafu. Sisi tunazo fedha za simu, na zinakua haraka, lakini anayedhani kwamba sarafu imekufa Tanzania ajaribu kulipa nauli ya daladala, kununua vitumbua asubuhi au kulipia choo cha stendi kwa kutumia kadi ya benki.

Dosari nyingine ni kwamba hakuna namna ya kujua kama sarafu ile inafanya kazi. Mtu akiidumbukiza dola ya kijani katika kisanduku, huenda angedumbukiza dola ya kangaruu siku hiyo hiyo hata kama ya kijani isingekuwapo. Kisanduku kikifunguliwa, sarafu zote zinakwenda benki na kuhesabiwa pamoja. Mimi niliyewahi kuhesabu najua kwamba keshia hatazami picha, anatazama thamani. Zaidi ya hayo kuna wakusanyaji. Sarafu yoyote mpya yenye rangi huwavutia watu wanaopenda kuhifadhi, na hii nayo iliishia kuuzwa mitandaoni kwa bei iliyozidi dola moja. Kitu kilichofuliwa makusudi ili kiachiwe, watu wakakishikilia. Hapo ndipo ilipo kejeli ya sarafu nzuri: ikipendeza mno haitoki mfukoni.

Wapo wanaoilaumu pia kwa kutotaja nani apewe. Kwa hilo mimi naitetea. Mapema mwaka huo huo wa 2020 mchekeshaji Celeste Barber alichangisha kupitia Facebook zaidi ya dola milioni 51 za Australia kwa ajili ya moto wa nyika. Watu waliotoa kutoka pembe zote za dunia wengi wao walidhani fedha zingegawanywa kwa waliounguliwa nyumba na kwa wanyama pia, lakini hati ya mfuko uliotajwa ilikuwa ya kikosi cha zimamoto vijijini cha jimbo la New South Wales, na Mei 2020 mahakama kuu ya jimbo hilo iliamua kwamba hazingeweza kupelekwa kwa mashirika mengine hata kama mwenye kuchangisha alitamani iwe hivyo. Jina likishaandikwa limeandikwa. Sarafu isiyotaja jina inamwachia aliyeishika amtafute mhitaji wake mwenyewe, awe kituo cha watoto yatima, kisanduku cha msikiti au bibi aliyekaa barazani karibu na soko.

Nafika sasa kwenye jambo ambalo barua ya mwenzangu haikuligusa kabisa, na ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote niliyoyataja. Serikali inapofua sarafu inapata faida. Dola moja ya Australia, kwa bei za madini za mwaka 2020, ilikuwa na shaba, alumini na nikeli ambazo thamani yake kwa pamoja haikufika senti kumi za nchi hiyo. Ongeza gharama za mashine, rangi, wafanyakazi na usafirishaji, bado kunabaki pengo kati ya kilichotumika na dola nzima ambayo benki za biashara hulipa zinapochukua sarafu hiyo. Pengo hilo ni mapato ya serikali, na huko Australia hurudishwa katika hazina ya taifa. Hakuna wizi hapo. Ndivyo nchi zote zinavyofanya, na sarafu ikirudi serikali inapaswa kuipokea kwa thamani yake kamili. Lakini sarafu iliyofichwa na mkusanyaji hairudi, na ile inayozunguka kwa miaka thelathini haina haraka ya kurudi. Kwa maneno mengine, katika kila Donation Dollar iliyoingia sokoni, wa kwanza kufaidika alikuwa mwenye kiwanda, naye hakuwa na deni la kumpa mtu yeyote chochote. Aliandika ombi juu ya bidhaa yake, akaiuza kwa thamani kamili, akawaachia wanunuzi kazi ya kuwa wakarimu.

Sitaki kuwatia Waaustralia maneno mdomoni. Huenda waliona kwamba serikali yao tayari inasaidia mashirika ya hisani kwa njia ya misamaha ya kodi, na kwamba hilo linatosha. Ninachosema ni kwamba ombi la namna hiyo likija kwetu halitapokelewa hivyo. Mtanzania ana kumbukumbu ndefu ya michango. Amechangia darasa, amechangia dawati, amechangia maabara, amechangia Mwenge, amechangia mlinzi wa shule, na mara nyingi neno hiari lilikuwapo kwenye barua tu, kwa kuwa mtoto wa asiyechangia alirudishwa nyumbani. Hali ilifika mahali ambapo Januari 2018 Rais Magufuli alilazimika kupiga marufuku michango katika shule za msingi na sekondari za serikali. Wenzetu wa Kenya nao, ambao harambee kwao ilikuwa karibu nguzo ya taifa, walifika Julai 2024 ambapo Rais Ruto alitangaza kuwazuia maofisa wa serikali kushiriki harambee, baada ya vijana kuhoji barabarani zile fedha nyingi za kuchangia zinatoka wapi. Katika mazingira haya, sarafu ya sadaka ikitolewa bila serikali kuonyesha kwanza mkono wake, itaitwa mchango mwingine, na itakuwa haki yao wanaoiita hivyo. Kutoa ni moyo, tunaambiwa kila siku na watu walioshika kisanduku. Ni mara chache kumsikia mwenye kisanduku akituambia yeye mwenyewe ametoa nini.

Mwenzangu alitoa mfano wa Kenya wa mwaka 2011 kuthibitisha kwamba watu wetu hutoa wakiombwa vizuri, nami nakubaliana naye. Kampeni ya Kenyans for Kenya, iliyoongozwa na Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya pamoja na kampuni za simu, benki na vyombo vya habari wakati wa njaa ya Turkana na maeneo mengine ya kaskazini, ililenga shilingi milioni 500 za Kenya na ikavuka lengo, tena kwa michango midogo midogo ya simu. Lakini aangalie kilichofanya ifanikiwe. Walioomba walianza kwa kuweka fedha zao mezani, njaa ilionekana kila jioni kwenye televisheni, na kiasi kilichopatikana kilikuwa kinatangazwa. Mwananchi mwenye kiasi kidogo alijiunga na safari iliyokwisha kuanza.

Hivyo basi, iwapo Benki Kuu itaona wazo hili linafaa kufikiriwa, ningeomba ifanye hivi. Itumie shilingi mia tano, iliyoanza kuwa sarafu Oktoba 2014 baada ya noti yake kuchakaa upesi kwa sababu ya kupita mikono mingi. Mia na mia mbili ni ndogo mno kumfanya mtu afikirie mara mbili, na noti ya elfu haina uhai wa kutosha. Wasiweke rangi. Sarafu zetu hutengenezwa nje ya nchi kwa gharama ya fedha za kigeni, na rangi itaongeza gharama huku ikiwavutia wakusanyaji ambao hatuwahitaji. Ujumbe mfupi uliochorwa vizuri kwa Kiswahili unatosha, na nyati aliyeko upande wa nyuma anaweza kupumzika kidogo. Sarafu hizo zisipelekwe kwa watendaji wa kata wala kwa wakuu wa shule ili wazigawe, kwa maana siku zitakapofika huko zitakuwa zimepata orodha ya majina. Ziingie sokoni kupitia benki, kama sarafu nyingine zote, na yeyote atakayeikuta katika chenji yake aachwe na dhamiri yake.

Na kabla ya sarafu ya kwanza kutoka, itangazwe kwamba faida yote itakayopatikana kwa kuzifua, baada ya kutoa gharama halisi za kiwanda na usafirishaji, itapelekwa kwenye huduma moja inayoonekana: wodi za watoto njiti katika hospitali za mikoa, kwa mfano, au vifaa vya wanafunzi wasioona. Hapa jina la mpokeaji litajwe, kwa kuwa fedha hizi ni za umma na umma una haki ya kuzifuata. Itakayotolewa na wananchi kwa hiari yao itabaki siri yao. Itakayotolewa na serikali isiwe na siri hata kidogo. Gharama za kufua sarafu, idadi iliyotoka na kiasi kilichopelekwa kwa mpokeaji ni mistari mitatu tu, na Benki Kuu inaweza kuichapisha kila mwaka katika taarifa yake ya mwaka, ambayo tayari inaitoa.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Keshia mstaafu,
Tanga